Hesabu Siku: Vipele Vinavyochelewa Baada ya Dawa

  

Leo katika mazungumzo yetu sitasema habari za mbegu wala mbolea. Nitasema habari za ngozi ya mkulima mwenyewe. Najua utauliza, bwana shamba huyu ameingiaje katika mambo ya zahanati? Basi nitakueleza. Nimeingia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na nisingependa kosa hilo lirudiwe na mtu mwingine.

Mwaka 2021, mwezi wa saba, nilikuwa nikitembelea wakulima wa korosho upande wa Bungu, Wilaya ya Kibiti. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na kila mmoja alikuwa shambani anapulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Mzee mmoja akaniita nyumbani kwake. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akavua shati. Kifua na mgongo vimejaa vipele, vinashuka mpaka mikononi, na vinamwasha usiku kucha. Nikamuuliza, "Mzee, umepulizia lini?" Akasema, "Juzi, mwanangu." Mimi nikaona jibu liko wazi kabisa. Nikamwambia, "Salfa imekudhuru. Acha kupulizia." Nikaandika katika daftari langu, nikapanda pikipiki, nikaondoka.

Mzee akatii. Mikorosho yake ikabaki bila dawa, ubwiriunga ukaingia, maua yakakauka, na msimu ule hakupata kitu cha maana. Vipele vikaisha baada ya wiki mbili. Wote tukaridhika kwamba ni salfa.

Mwezi wa kumi mzee akapata kikohozi. Ukutani palikuwa na kopo lenye vidonge vya Septrini vilivyobaki tangu alipokuwa na jipu mguuni. Akameza viwili asubuhi na viwili jioni. Kesho yake midomo ikaanza kuwaka moto na macho yakawa mekundu. Siku ya pili ngozi ya kifuani ikatoa malengelenge, ikawa inabanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Na hapo hakuwa amegusa salfa kwa miezi mitatu.

Pale zahanati mganga, mama mmoja mtulivu, hakuanza kwa kutoa dawa. Aliuliza swali moja: "Ile mara ya kwanza, vidonge vya jipu alianza kumeza siku gani?" Mzee hakukumbuka. Mkewe ndiye aliyekumbuka. Akasema, "Alivinunua siku ya gulio, akaanza siku hiyo hiyo. Gulio likapita, likaja la pili. Kesho yake akapulizia mikorosho. Keshokutwa yake ndiyo vipele vikatoka." Mganga akahesabu kwa vidole: siku ya tisa. Akasema, "Si salfa ya mikorosho. Ni Septrini, tangu siku ile."

Mzee alipelekwa hospitali siku ileile, akalazwa wiki kadhaa. Alipona, tunashukuru. Lakini mpaka leo jicho lake moja ni kavu na halivumilii jua. Nilipokwenda kumwangalia aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Bwana shamba, ulinipa jibu kabla hujaniuliza swali."

Ndugu mkulima, swali ambalo sikuliuliza ndilo somo la leo. Ukiona vipele, usiulize tu, "Jana niligusa nini?" Hesabu siku kurudi nyuma. Uliza, "Katika wiki mbili hizi, mpaka miezi miwili, nimemeza nini, nimechomwa sindano gani, na nilianza lini?"

Sasa tueleze kwa nini inakuwa hivyo.

Dawa tunazozisema leo ni viuavijasumu, yaani dawa zinazoua vijidudu vya maradhi: penisilini, amoksilini, ampisilini, Septrini, tetrasaiklini na nyinginezo. Ni dawa njema, zimeokoa watu wengi. Lakini wapo watu ambao miili yao huzikataa. Hali hiyo tunaiita mzio, wengine husema aleji. Mzio ni wa namna mbili, na ni lazima tuzitofautishe.

Namna ya kwanza ni mzio wa papo hapo. Mtu anameza kidonge au anachomwa sindano, na kabla ya saa moja kupita, au katika saa chache tu, mwili unavimba mabakamabaka kama aliyeguswa na upupu. Midomo na kope zinavimba, kifua kinabana, anaweza kuanguka. Mzio huu kila mtu anautambua, kwa sababu dawa na madhara yake vimefuatana kama moto na moshi. Huyo akimbizwe kituo cha afya dakika hiyo hiyo.

Namna ya pili ni mzio unaochelewa, na huu ndio unaotudanganya. Mwilini kuna chembe za kinga, ambazo ni kama askari. Askari hawa wanapokutana na dawa mara ya kwanza hawaijui. Wanahitaji siku kadhaa kuifahamu, kuihesabu kuwa adui na kuongezeka idadi. Ndiyo maana kwa mtu anayetumia dawa hiyo kwa mara ya kwanza, vipele kwa kawaida hutoka kati ya siku ya nne na siku ya kumi na nne. Wengine huvipata siku moja au mbili baada ya kumaliza dozi, wakati kidonge kimeshasahauliwa. Lakini askari wakishafunzwa hawasahau. Mtu akiimeza tena dawa ileile, safari hii haichukui wiki. Inachukua siku moja mpaka tatu, pengine saa chache. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu: mara ya kwanza siku tisa, mara ya pili siku moja.

Wakulima wa korosho wanaweza kulielewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Mafuta ya ganda la korosho humchoma yeyote yakikaa kwenye ngozi. Lakini wapo wabanguaji ambao, baada ya kuyazoea muda mrefu, ngozi yao huanza kuyakataa. Hapo hata tone dogo linatosha, na vipele havitoki saa ile, bali kesho yake au keshokutwa. Ngozi imejifunza, na ngozi ikijifunza inakumbuka.

Kwa sababu hiyo pia, usidanganyike na lile jaribio la sindano. Wengine husema, "Mimi nilichomwa dawa kidogo mkononi, nikakaa robo saa, sikuona kitu, kwa hiyo dawa hii hainidhuru." Kungoja robo saa kunasaidia kujua mzio wa papo hapo tu. Mzio unaochelewa hauonekani kwa robo saa. Mabingwa wa ngozi, wanapotaka kuupima kwa kubandika dawa kidogo mgongoni, husoma majibu siku ya pili, na tena siku ya tatu au ya nne. Kama bingwa mwenye vifaa anangoja siku zote hizo, mimi na wewe tunaharakia nini? Na kipimo hicho si cha kujifanyia nyumbani. Kumeza tena kidonge ili uone kama vipele vitarudi ni kucheza na roho yako.

Haya, sasa vipele vyenyewe vinafananaje?

Mara nyingi huanza kifuani, tumboni na mgongoni, kisha husambaa mikononi na miguuni, pande zote mbili sawasawa. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, au ina rangi ya zambarau. Basi usitegemee macho peke yake. Pitisha kiganja: utasikia ngozi imekwaruza na ina joto. Mwangalie mgonjwa mchana, nje, si kwa kibatari. Vipele vya namna hii huwasha, lakini mgonjwa anakula na anatembea. Dawa ikiachishwa, huisha kwa wiki moja au mbili, na ngozi hupukutika kidogo. Angalia hapa: siku mbili za kwanza baada ya kuacha dawa vipele vinaweza hata kuongezeka. Usiseme, "Mbona nimeacha na bado vinatoka? Kumbe si dawa." Mzio ulichelewa kuja, na kuondoka nako unachelewa.

Kuna namna nyingine ambayo watu huificha kwa aibu. Ni doa moja au machache, ya mviringo, yenye rangi ya zambarau au nyeusi, linalotoka mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Linawaka, pengine linatoa lengelenge, kisha linapona na kuacha alama nyeusi. Tabia yake ni hii: kila mtu huyo anapotumia dawa ileile, doa hurudi palepale, katika saa chache mpaka siku moja au mbili. Septrini na tetrasaiklini zinajulikana sana kwa kuleta doa hili. Sasa fikiri, mwanamume ana doa sehemu za siri na mkewe hajui limetoka wapi. Maneno yanaanza ndani ya nyumba, kumbe mwenye kosa ni kidonge cha kikohozi. Ukiona doa linarudi mahali palepale, mwambie mganga bila kuona haya, na mtajie dawa uliyotumia kabla halijatokea.

Lakini tusije tukaruka upande wa pili, tukasema kila kipele ni dawa. Hapo tutakuwa tumerudia kosa langu kwa njia nyingine. Huku kwetu kuna mambo mengi yanayoleta vipele.

Kwanza, harara ya joto. Hii hukaa kwenye mikunjo na mahali panapotoka jasho, na hupungua mtu akipata baridi.

Pili, upele wa kuambukiza. Huu huwasha usiku, hukaa katikati ya vidole, viganjani na kiunoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Mzio wa dawa hauambukizi. Mkiwa wanne na wote mnajikuna, na ni mmoja tu aliyemeza dawa, basi tafuteni sababu nyingine.

Tatu, maji ya mashamba ya mpunga. Vijidudu vya kichocho vinapoingia mwilini vinaweza kuleta mwasho na vipele vidogo katika sehemu zilizozama majini, yaani miguu na mikono. Mgongo uliokuwa juu ya maji haupati kitu. Mzio wa dawa hufanya kinyume: hupenda kuanzia kifuani na mgongoni.

Nne, surua, tetekuwanga na homa nyingine za virusi. Hapa pana mtego mkubwa. Mtoto anapata homa, mama ananunua amoksilini dukani, siku ya tatu vipele vinatoka. Ni dawa au ni ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo? Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, na ile dawa haikuhitajika hata kidogo, kwa maana viuavijasumu haviui virusi. Mganga ndiye atakayepima. Kazi yako ni kumpelekea tarehe mbili: homa ilianza lini, na dawa ilianza lini.

Jambo hili lina faida pia kwa wale waliokwisha kuandikiwa kwamba penisilini inawakataa. Katika nchi zilizowapima watu wa namna hiyo kwa utaratibu, takribani watu 9 katika 10 walionekana wanaweza kutumia penisilini bila madhara. Ama vipele vyao vya zamani vilikuwa vya ugonjwa mwingine, ama mzio ulikwisha kwa miaka mingi kupita. Sisemi mtu ajijaribu mwenyewe, hasha. Nasema habari ikiandikwa vizuri siku ya kwanza, mtu hatanyimwa dawa nzuri maisha yake yote kwa ajili ya harara ya utotoni.

Sasa nije kwenye neno "salfa", lililonipotosha mimi, na ambalo naamini linawapotosha wengi.

Salfa ya unga tunayopulizia mikorosho ni madini, yaani kiberiti. Dawa za hospitali zinazoitwa za salfa ni kitu kingine kabisa, kilichotengenezwa kwa njia nyingine. Septrini ni mojawapo. SP, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa jina la Fansidar, nayo ina dawa ya salfa ndani yake. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara kuanzia mwaka 2001 mpaka dawa ya mseto ilipochukua nafasi yake mwishoni mwa mwaka 2006, na hata leo wajawazito hupewa kliniki kwa ajili ya kinga. Zimefanana jina tu, kama watu wawili wanaoitwa Juma. Unga wa kiberiti unaweza kuwasha macho, kifua na ngozi ya mtu yeyote asiyejifunika, na mwasho huo huja siku ileile, pale unga ulipogusa. Lakini mtu aliyekataliwa na Septrini hana sababu ya kuacha kupulizia mikorosho yake kwa ajili hiyo. Avae mikono mirefu, afunike pua na mdomo, avae miwani, apulizie asubuhi mapema upepo umetulia, kisha aoge. Kwa upande wa pili, mtu huyo asimeze SP wala dawa nyingine ya salfa bila kumweleza mganga. Mama mjamzito aliyewahi kukataliwa na Septrini aseme kliniki kabla ya kupewa SP. Naye anayetumia Septrini kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, akiona vipele asikae kimya, maana watu wenye hali hiyo hupata mzio huu zaidi ya wengine. Aende kituo chake siku hiyo, atapewa ushauri na, ikibidi, dawa badala yake.

Penisilini nayo ina ukoo. Amoksilini, ampisilini na kloksasilini ni ndugu wa tumbo moja. Mtu akikataliwa na mmoja, ndugu wengine nao watiliwe shaka mpaka mganga aseme. Dukani majina hubadilika kwa kila kiwanda, na rangi hubadilika vilevile. Kwa hiyo usikariri "kidonge cha rangi mbili". Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti, au mwombe mwanao anayesoma shule akusomee.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo penye kufa na kupona. Zipo dalili ambazo ukiziona hungoji kesho:

Ngozi inauma kuliko inavyowasha. Kuna vidonda mdomoni, au macho mekundu yenye matongo, au vidonda sehemu za siri. Kuna malengelenge, au ngozi inabanduka ikiguswa. Kuna homa kali. Uso umevimba, tezi za shingoni zimevimba, macho yamekuwa ya manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

Ubaya wa ngozi kubanduka mara nyingi huja kati ya siku ya nne na wiki ya nne tangu mtu aanze dawa. Ule wa kuvimba uso na kudhuru ini unaweza kuchelewa wiki mbili mpaka nane. Ndiyo maana nimesema hesabu mpaka miezi miwili.

Ukiona mojawapo ya dalili hizo, acha dawa unayoishuku na uende kituo cha afya mara moja. Wenzangu wa delta, najua safari yenu hutegemea mashua na maji kujaa. Kwa hiyo usisubiri dalili zikamilike zote. Ukiona ya kwanza tu, panda na maji ya kwanza yanayojaa. Mtu wa delta aliyengoja siku moja anaweza kujikuta amengoja mbili. Mganga wa zahanati ataamua kama upelekwe mbele, Mchukwi, Utete au kwingineko. Mkiwa njiani, mfunike mgonjwa kwa kitambaa safi na mpeni maji ya kunywa kama anaweza kumeza. Msipasue malengelenge. Msipake mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu wala samadi. Ngozi iliyobanduka ni sawa na ya mtu aliyeungua, na kila unachopaka kinaingia ndani.

Na kama ni vipele vya kawaida tu, bila dalili hizo? Nenda zahanati hata hivyo, siku ileile au kesho yake, kabla ya kuendelea na dozi. Wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI wasiziache kwa uamuzi wao. Waende haraka wakaulize, isipokuwa kama wana dalili za hatari. Hao waziache na wakimbilie kituo.

Unapokwenda, chukua pakiti zote, hata tupu. Chukua pia karatasi yenye majibu ya maswali haya. Kwanza, dawa gani nimetumia katika miezi miwili, pamoja na sindano, mitishamba na dawa za mifugo nilizozishika? Pili, kila moja nilianza lini na kuacha lini? Tatu, vipele vilianza siku gani, na sehemu gani ya mwili? Nne, je, nimewahi kupata kama hivi, na baada ya dawa ipi? Tano, kuna homa au kidonda mdomoni? Sita, kuna mwingine nyumbani mwenye vipele?

Kama hujui tarehe, hesabu kama mke wa yule mzee: kwa magulio, kwa Ijumaa, au kwa bamvua. Mvuvi anayejua bamvua la mwisho lilikuwa lini anaweza kumpa mganga tarehe nzuri kabisa.

Mganga akithibitisha, mwombe aandike jina la dawa katika daftari lako la matibabu, kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Yeye naye hujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ili madhara hayo yajulikane nchini. Mwambie mkeo au mumeo na watoto wakubwa jina hilo, maana siku ukizidiwa hutaweza kulisema wewe.

Nimalizie na wafugaji. Tangu miaka ya 2006 na 2007, ng'ombe wengi wameingia bonde la Rufiji kutoka Usangu na kwingineko, na dawa zao zimekuja pamoja nao. Ukichanganya penisilini na streptomaisini ya ng'ombe kwa mikono mitupu, kila siku kidogo kidogo, ngozi inaweza kujifunza kuikataa. Utaona vidole vinapasuka na kuwasha, na kope zinavimba, siku moja mpaka tatu baada ya kazi. Vaa glavu na nawa kwa sabuni. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa yamwagwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, kwa sababu masalia ya penisilini yanaweza kumdhuru mtu mwenye mzio. Na tafadhali, dawa ya ng'ombe au ya kuku usimpe mtu.

Vidonge vilivyobaki usiviweke kwenye kopo ukutani. Virudishe zahanati. Kopo la yule mzee ndilo lililomtoa jicho.

Mimi bado natembelea shamba lake. Mwaka uliofuata alirudi kupulizia salfa, amejifunika vizuri, na hakutoka hata kipele kimoja. Mikorosho ilizaa. Kabla ya kunikaribisha kahawa huwa ananitania, "Bwana shamba, leo umekuja na maswali au na majibu?" Nami humjibu, "Leo nimekuja na maswali, mzee."

Basi, ndugu mkulima, nawe anza leo. Chukua daftari lile unaloandikia mvua na mauzo ya korosho, uache ukurasa mmoja wa dawa: jina, siku ya kuanza, siku ya kuacha. Ni mistari mitatu tu.